Kiti cha Hoteli Hununuliwa na Chumba Chake

Nikikutana na kiti kilichotoka hotelini, sianzi kwa kukikalia. Nakipindua. Nakilaza juu ya gunia, miguu juu, kisha nachungulia tumboni, kwa sababu huko ndiko kusikofichwa kitu: skrubu za zamani, kitambaa cheusi kilichopigiliwa vijipini, gundi iliyogeuka rangi ya asali, kipande cha lebo kilichong'ang'ania kona moja, na mara chache sana namba iliyopakwa kwa brashi na mtunza stoo ambaye leo huenda hayupo duniani.

Miaka michache iliyopita nilikipata kimoja cha namna hiyo Keko, Dar es Salaam. Hoteli moja ya pwani ilikuwa imebadilisha samani za vyumba vyake vyote, na viti vikaangukia kwa mafundi kwa bei ya kutupa. Vilikuwa zaidi ya ishirini. Vyote isipokuwa kimoja vilikuwa vimeshapigwa msasa na kupakwa vanishi mpya, vimepangwa kando ya barabara vinang'aa juani. Hicho kimoja kilikuwa hakijafikiwa. Mbao ya mninga, mgongo umepinda kidogo kuufuata uti wa mtu, mikono myembamba inayoishia kwa ncha bapa kama ulimi. Mkono wa kushoto ulikuwa umepauka. Wa kulia ulikuwa bado na wekundu wake. Chini ya kikalio, kwa rangi nyeupe: 214. Fundi, kwa nia njema kabisa, akachukua msasa. "Kaka, dakika tano tu nakutolea huo uchafu." Uchafu aliokuwa akiusema ni ile namba. Nikamshika mkono.

Kukusanya samani zilizobuniwa kwa ajili ya hoteli fulani sasa ni biashara nzito katika minada ya Ulaya na Marekani, na hata huku kwetu wapo walioanza kuiga. Wengi wananunua kiti kama wanavyonunua sanamu: umbo zuri, jina la mbunifu, basi. Mimi nadhani wanakosea, na kosa lenyewe lina gharama. Kiti cha hoteli hakikutengenezwa kisimame peke yake. Kilipimwa kwa dirisha lile, zulia lile, meza ile na mgeni wa usiku mmoja au miwili. Anayekichukua bila kuchukua habari za chumba chake amechukua nusu, na kwa kuitupa ile nusu nyingine ameifanya isipatikane tena kwa mtu yeyote.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Copenhagen. Mwaka 1960 SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, lilifungua hoteli yake katikati ya mji huo, jengo refu la vioo na alumini ambalo wenyeji wengi hawakulipokea kwa furaha. Mbunifu wake, Arne Jacobsen, hakuishia kwenye kuta. Alibuni taa, vitasa vya milango, mapazia, glasi, visu na uma za mezani, na viti. Vitatu kati ya viti hivyo vilivyobuniwa mwaka 1958 vina majina ya Kidenmaki yenye maana ya Yai, Bata Maji na Tone. Yai alilifinyanga kwa plasta kwenye gereji ya nyumba yake, akipunguza hapa na kuongeza pale mpaka umbo likakubali. Kisha kampuni ya Fritz Hansen ikalitengeneza kwa gamba la povu gumu, mbinu iliyotokana na kazi ya Mnorwe Henry Klein, likavalishwa sponji na kitambaa au ngozi na kusimamishwa juu ya mguu wa alumini unaozunguka.

Leo Yai limeenea mno hata watu wamesahau lilikuja kufanya kazi gani. Tazama jengo lenyewe: kila kitu humo ni mstari ulionyooka, kuanzia fremu za madirisha hadi dari. Ukumbi wa mapokezi ni mpana, watu wanapita, mizigo inaburutwa, mtu anamsubiri mwenyeji wake asiyemfahamu kwa sura. Jacobsen akamwekea mtu huyo kiti chenye masikio mapana yanayomkinga kulia na kushoto. Ukiketi, kelele zinapungua, na usiyetaka kumwona humwoni. Ni chumba kidogo ndani ya chumba kikubwa. Ukilichukua Yai hilo ukaliweka kwenye sebule ya mita tatu kwa nne karibu na televisheni, bado ni kiti kizuri, lakini swali lililolizaa halipo tena.

Hoteli ile ilibadilishwa mara kadhaa kwa miongo iliyofuata. Bustani ya okidi, ambayo maua yake yalining'inizwa katikati ya kuta mbili za kioo, imetoweka. Samani za vyumba zikaondolewa, rangi zikageuzwa. Kati ya vyumba vyote, kimoja tu, namba 606, ndicho kilichobaki kama Jacobsen alivyokiacha. Hata matengenezo makubwa ya 2018 yalikiheshimu. Rangi yake ni ya kijani kinachoelekea buluu, kwenye viti, kwenye mapazia na kwenye zulia. Kuta zimefunikwa kwa mbao nyeusi yenye mistari ya kahawia, na mbao hiyo ni wenge, mti unaoota katika misitu ya Kongo, Kamerun na Gabon. Hapo huwa natulia kidogo. Chumba kinachosifiwa duniani kote kuwa kilele cha ubunifu wa Denmaki kimevikwa ngozi ya mti wa Afrika ya Kati, na ni vitabu vichache vya samani vinavyoona hilo ni la kusemwa. Mti wenyewe sasa umo katika orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Habari ya namna hiyo haionekani ukiuziwa kiti peke yake. Unaijua ukikiona chumba.

Kwa mkusanyaji, kiti kinachofundisha zaidi kati ya vile vitatu ni Tone. Yai na Bata Maji viliingia kiwandani na kuuzwa kwa yeyote. Tone halikuuzwa hivyo: lilitengenezwa kwa ajili ya hoteli ile, likakaa mbele ya meza za kujipambia vyumbani. Kwa zaidi ya miaka hamsini, kukutana na Tone la zamani mahali popote ilikuwa sawa na kukutana na kipande cha hoteli. Kiti chenyewe kilikuwa cheti chake. Kisha mwaka 2014 Fritz Hansen ikaanza kulitengeneza upya, na ni haki yake. Lakini tangu hapo umbo halithibitishi tena kitu. Tone la 1960 na Tone la 2014 yanafanana usoni. Kinachoyatenganisha ni umri wa sponji, mishono, skrubu, na zaidi ya yote karatasi: nani alilitoa hotelini, mwaka gani, likapita mikononi mwa nani. Thamani iliyokuwa kwenye umbo imehamia kwenye ushahidi. Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtu amepata kitu cha asili kisha akakimbilia kwa fundi akifanye kipya: sponji iliyokuwa inamomonyoka kama unga inatupwa, kitambaa cha kwanza kinachanwa na kutiwa jalalani, lebo inang'olewa pamoja na vijipini. Anarudi nyumbani na kitu kinachong'aa ambacho hakuna tena wa kukitofautisha na kilichotengenezwa juzi.

Nikiambiwa natia chumvi, huwa nataja milango ya Hoteli Chelsea ya New York. Hoteli hiyo ilikaliwa na wanamuziki, waandishi na wachoraji, na ilipokuwa ikikarabatiwa milango ya vyumba ilitolewa kama takataka. Aliyeiokoa ni mpangaji wa zamani ambaye wakati huo hakuwa na makazi. Hakuishia kuibeba. Alianza kutafuta mlango mmoja mmoja ulikuwa wa chumba gani, na chumba hicho nani alikaa. Aprili 2018 ikapigwa mnada. Mlango uliohusishwa na Bob Dylan ulifika dola 100,000. Ni ubao uliopakwa rangi nyeupe, wenye mikwaruzo na tundu la kitasa, wala hakuna mbunifu wa kujivunia hapo. Kazi ya yule bwana ya kuuliza na kupekua ndiyo iliyougeuza kutoka kuni kuwa kumbukumbu. Hakuongeza vanishi hata tone.

Mwezi huohuo wa Aprili, Paris nayo iliuza takribani vitu 10,000 vilivyotoka Hoteli Ritz, kuanzia vitanda hadi mabeseni ya kuogea, na mapato yakavuka euro milioni 7, mara nyingi zaidi ya makadirio. Pale watu walinunua jina. Silaumu, ila kwa mtu anayependa ubunifu mnada ule hauna mengi ya kufundisha, isipokuwa hili: hoteli ikiuza kwa orodha, kila kitu na namba yake, wanunuzi hujitokeza na pesa zao.

Waitaliano wanalijua jambo hili vizuri kuliko wengi. Gio Ponti alibuni hoteli ya Parco dei Principi kule Sorrento mwanzoni mwa miaka ya 1960, yote kwa buluu na nyeupe, na akachora aina 30 za vigae vya sakafu ili katika vyumba 100 sakafu zisirudiane. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza samani za Hoteli Royal ya Naples, na madawati na makabati ya huko yamekuwa yakizunguka minadani kwa miaka mingi. Sasa fikiria: kabati la Ponti lililotengenezwa kwa ajili ya hoteli moja lilitengenezwa mara kadhaa, mara kumi, labda mara mia, kwa sababu vyumba ni vingi. Ni rahisi kuliiga, na ni rahisi pia kulisingizia kabati la mtu mwingine. Kwa hiyo familia yake inaendesha hifadhi ya nyaraka zake mjini Milano, na kipande kikikaguliwa na kukubaliwa hupewa cheti. Mnunuzi makini haweki mkono mfukoni kabla ya kukiona. Huo ndio utaratibu ninaoutamani, si kwa sababu ya pesa tu, ila kwa sababu nyuma ya cheti kuna mtu aliyelazimika kufungua michoro na kuuliza: hiki kilikaa wapi?

Hoteli ndogo za kibunifu, zile zilizoenea baada ya Morgans ya New York mwaka 1984, zimeifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi. Biashara yake ni upya. Ian Schrager na mwenzake Steve Rubell, walioianzisha Morgans, walipofungua Royalton katika mji huohuo mwaka 1988, Philippe Starck akiwa ndiye mbunifu, ukumbi wake ulizungumzwa mji mzima. Mwaka 2007 ukumbi huo ukavunjwa na kufanywa mwingine. Ni miaka 19 tu, umri wa kijana anayemaliza sekondari. Mgeni anakuja kwa sababu mahali ni papya. Pakizoeleka, mwenye hoteli anaona hana budi kubadilisha. Kwa hiyo samani hizi huzaliwa zikiwa na tarehe ya kuondoka, na zinaondoka katika kipindi kibaya kuliko vyote: hazijawa za kale kiasi cha kuheshimiwa, wala si mpya kiasi cha kutamaniwa. Mtu akiziita "za mtindo uliopita", mwisho wake ni lori.

Haiwi hivyo kila mahali. Hoteli Okura ya Tokyo, iliyofunguliwa 1962, ilianza kubomolewa mwaka 2015 na watu wakaomboleza ukumbi wake, hasa zile meza za duara zenye viti vitano kuzizunguka, ambavyo ukivitazama kutoka juu unaona ua la mplamu. Mbunifu wa ukumbi alikuwa Yoshiro Taniguchi. Jengo jipya lilipofunguliwa 2019, mwanawe, Yoshio Taniguchi, alikuwa ameurudisha ukumbi wa baba yake, na samani za awali zikarudi kwenye nafasi zake. Jengo lilikufa, nalililia bado, lakini lile ua halikunyofolewa petali moja moja na kugawiwa kwa wanunuzi watano wa mabara matano.

Ninajua hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Mkusanyaji anasema: bila mimi, hivi viti vingechomwa. Ni kweli. Hoteli nyingi zilitupa, na waliookota ndio waliookoa. Mtu aliyelipia stoo kwa miaka ishirini akihifadhi samani ambazo hakuna aliyezitaka anastahili shukrani. Ninachopinga ni pale uokoaji unapogeuka uchinjaji: seti ya chumba inafika ikiwa kamili, kitanda, dawati, kiti, taa na kioo, kisha dalali anaitenganisha kwa sababu vipande vitano vikiuzwa mbalimbali vinalipa kuliko seti moja. Kila mkusanyaji ana uwezo wa kukataa hilo kwa kununua seti, au kwa kumwomba muuzaji angalau picha ya vipande vikiwa pamoja. Picha moja ya simu haimgharimu mtu kitu.

Mwingine atauliza, kwa nini tusumbuke na asili wakati nakala ziko tele? Uingereza ilikuwa na pengo katika sheria ya hakimiliki lililoruhusu nakala za samani kuuzwa miaka 25 baada ya za asili kuingia sokoni. Pengo hilo lilifutwa mwaka 2016, na sasa ulinzi ni maisha ya mbunifu na miaka 70 baada ya kifo chake. Jacobsen alifariki 1971. Hesabu inafika 2041. Lakini mimi sitegemei sheria kunipa jibu. Nakala inaweza kukaliwa vizuri tu. Kitu isichoweza ni kukwambia nani alikaa, wapi, na akiangalia nini.

Nikirudi kwetu, naona safari hiyohiyo ikienda kinyume. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kule Lamu, hoteli ndogo zimefunguliwa ndani ya nyumba za kale. Badala ya samani kutoka hotelini kwenda majumbani, zimetoka majumbani kwenda hotelini. Samadari, vitanda vya kale vya pwani, zilizopanda juu hata mtu anahitaji kigoda cha kukanyagia, makasha ya misumari ya shaba, na kiti cha enzi, ambacho kwangu ndicho kipeo cha useremala wa pwani: mpingo mweusi uliotiwa vipande vya pembe au mfupa, kikalio na mgongo vimesukwa kwa uzi uliokazwa kama ngoma, na mbele yake pa kuwekea miguu. Kiti hicho kilikuwa na mahali pake katika nyumba ya mwenye hadhi, na hakikuwa cha kila mtu. Mgeni mheshimiwa ndiye aliyekikalia, na kuanzia hapo kila aliyeingia alijua nani ni nani.

Leo ukikikuta kwenye ngazi za hoteli, kimewekewa mto na chungu cha maua kando, muulize anayekupokea kilitoka nyumba gani. Utaambiwa ni cha zamani sana. Je, kilitoka Siyu, Pate, Mombasa, au mtaa wa pili tu hapo Zanzibar? Nani alikiuza, harusi ngapi kilihudhuria? Dalali alikinunua kwa haraka, akakiuza kwa haraka, na jina la ukoo likadondoka njiani. Siku hoteli hiyo nayo itakapoamua kubadilisha sura, kiti kitapakiwa na kuitwa "kiti cha Zanzibar", na kitakuwa kimepoteza nyumba yake mara mbili. Hili linaniuma kuliko habari zote za Copenhagen, kwa sababu 606 angalau ipo.

Na dawa yake haihitaji makumbusho wala wafadhili. Kila hoteli ina orodha ya mali kwa mhasibu: chumba namba fulani, kitanda kimoja, viti viwili, meza moja. Orodha hiyo hutupwa siku ileile samani zinapotolewa, maana kwa mhasibu kazi yake imekwisha. Ningependa wenye hoteli wafanye mambo mawili tu. Wabakize chumba kimoja kama kilivyo, hata kama kitakuwa chumba cha mwisho kukodishwa. Na kila kitu kinachouzwa kitoke na nakala ya ukurasa wake. Wakusanyaji nao wasilipe bei kamili kwa kitu kisicho na ukurasa. Soko likianza kulipia karatasi, wauzaji wataanza kuitunza.

Kile kiti changu cha 214 hakikuwa na ukurasa. Nilienda hotelini kuulizia. Meneja alikuwa mgeni, stoo ilikuwa imesafishwa, hakuna aliyejua hata fundi aliyevitengeneza. Nilipokuwa natoka, mlinzi akanielekeza kwa mama mmoja aliyesafisha vyumba vya ghorofa ile kwa miaka mingi, amestaafu, anauza maandazi nyumbani kwake. Nilimpelekea picha kwenye simu. Nikamwamkia, akaniitikia, akafuta mikono kwenye khanga, akaivuta ile picha karibu na macho.

"Hiki cha dirishani," akasema bila kusita. "Chumba kile kinaangalia bahari. Jua la jioni lilikuwa linapiga upande huu." Akagusa kioo cha simu, palepale kwenye mkono wa kushoto uliopauka. "Tulikuwa tunafunga pazia saa tisa, ila wageni wanafungua. Wanataka kuona majahazi."

Niliandika yote aliyosema, tarehe na saa. Tayari nilikuwa nimesimama kuaga aliponiuliza, "Na meza yake je, mwanangu? Ile ya miguu mitatu, juu kijani? Umeipata?"

Sikuwa nimejua kwamba kulikuwa na meza. Jumamosi iliyofuata nilirudi Keko, nikapita karakana moja baada ya nyingine. Mpaka leo naitafuta: miguu mitatu, juu kijani, na kama bado haijapitiwa na msasa, chini yake kutakuwa na namba kwa rangi nyeupe.